Kusoma kumbukumbu za jeshi za babu zetu: mwongozo wa maneno ya kufa, kujeruhiwa na kupotea vitani

Neno la Kiingereza "casualty" limeliza familia nyingi za Kilimanjaro na Meru pasipo sababu. Mtu anapata nakala ya karatasi ya zamani ya Keya (King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Mwingereza), anaona jina la babu yake chini ya kichwa "Casualties", na jioni hiyohiyo ukoo unaambiwa mzee aliuawa Burma mwaka 1944. Kisha shangazi mwenye kumbukumbu anasema mdogo wake alizaliwa mwaka 1948, na baba yao alikuwepo siku ya ubatizo.

Katika jeshi la Mwingereza neno hilo lilimhusu kila askari aliyetoka kwenye hesabu ya kikosi: aliyeuawa, aliyekufa kwa homa, aliyejeruhiwa, aliyepotea, aliyetekwa, na mara nyingi hata aliyelazwa kwa kuhara damu. Karani wa batalioni hakuwa akiandika maisha ya mtu. Alikuwa akijibu swali la mkubwa wake: kwa nini huyu hayupo kwenye gwaride leo, na je, tumhesabu kesho? Ukilishika swali hilo, sehemu kubwa ya maneno ya kwenye karatasi itafunguka yenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Moshi na Arusha wanaotafuta habari za wazee wao, lakini anayetafuta kutoka Songea au Tabora atakutana na maneno hayohayo.

Hatua ya kwanza: jua ni jeshi gani na vita gani

Kwetu huku jambo hili si dogo, maana mzee mmoja aliweza kutumikia pande mbili. Boma la Arusha lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, na Moshi ilikuwa na kituo chao cha jeshi kabla ya hapo. Vita ya Kwanza ilipoanza, mapigano yalifika mlangoni petu: Longido tarehe 3 Novemba 1914, milima ya Latema na Reata karibu na Taveta Machi 1916, kisha Kahe mwezi huohuo, Moshi ikiwa imeshaangukia mikononi mwa Mwingereza. Mwaka 1917 Waingereza walipounda upya batalioni ya sita ya Keya, waliijaza kwa kiasi kikubwa askari wa Mjerumani waliokuwa wametekwa. Kwa hiyo jina moja linaweza kuwa la mtu aliyepotea kwenye daftari la Mjerumani na la kuruta mpya kwenye daftari la Mwingereza. Ukiona hivyo usidhani ni watu wawili wenye jina moja, wala usidhani karani alikosea. Linganisha kwanza tarehe na mahali.

Vita ya Pili ina njia zake. Keya walikwenda Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma mwaka 1944, ikishuka bonde la Kabaw hadi Kalewa. Ukijua mwaka, umejua nusu ya mambo: ugonjwa gani ulikuwa ukiua huko, hospitali zilikuwa upande gani, na majina ya waliokosa kaburi yaliandikwa wapi.

Batalioni ya sita ikawa Tanganyika Rifles mwaka 1961, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Anayetafuta habari za ndugu aliyepigana Vita vya Kagera aende jeshini kwa utaratibu wa jeshi. Karatasi ninazozieleza hapa ni za wakati wa ukoloni.

Hatua ya pili: kabla ya kusoma neno, soma karatasi yenyewe

Neno lilelile huwa na uzito tofauti kulingana na mahali lilipoandikwa. Jiulize kwanza umeshika nini.

Kuna fomu ya mtu mmoja. Iliyo maarufu zaidi katika jeshi la Mwingereza ni Fomu B.103, yenye kichwa "Casualty Form – Active Service", na kichwa hicho ndicho kinachoogopesha watu. Ukweli ni kwamba ilifunguliwa kwa kila askari aliyepelekwa vitani, awe mzima au la. Ndani yake waliandika kupandishwa cheo, kuhamishwa, likizo, kulazwa na kutoka hospitali. Fomu iliyojaa kurasa mbili inaweza kuwa ya mtu ambaye hakuguswa hata na mwiba. Kwa askari wa Kiafrika fomu za namna hii zilizobaki ni chache kuliko za Wazungu. Ukiipata, ishike kama hati ya kiwanja.

Kuna shajara ya vita ya batalioni, iliyoandikwa siku kwa siku na ofisa. Hii mara nyingi haitaji askari wa Kiafrika kwa majina. Itasema kwa mfano "Casualties: 1 Offr, 2 BNCO, 31 AOR", maana yake ofisa 1, masajini na makoplo Wazungu 2, na askari Waafrika 31. Hao 31 si maiti 31. Tafuta sentensi inayofuata, au kiambatisho mwishoni mwa mwezi, kinachogawa waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Kuna rejista za makaburi na minara ya kumbukumbu za tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Hapo kila aliyetajwa amekufa, lakini sababu ya kifo mara nyingi haipo. Na kuna karatasi zilizo nyumbani kwako: cheti cha kuachiwa jeshi, bahasha ya nishani, barua ya mkuu wa wilaya kwa mangi, yaani chifu wa Kichaga. Watu hukimbilia London wakati sanduku la bibi halijafunguliwa. Anza na sanduku.

Hatua ya tatu: nakili kila kitu herufi kwa herufi, pamoja na tarehe mbili

Usitafsiri wakati wa kunakili. Andika kama ilivyo, hata kama imekosewa. Kwenye fomu ya B.103 safu za kushoto zinaonyesha tarehe ya taarifa na aliyeileta, katikati ni habari yenyewe, na kulia ni mahali, tarehe ya tukio na maelezo. Kwa hiyo kila mstari una tarehe mbili, na wengi huzichanganya. Askari aliyejeruhiwa tarehe 14 anaweza kuandikwa tarehe 29, kwa sababu karatasi ilisafiri kwa miguu, lori na meli kabla ya kufika kwa karani wa kumbukumbu. Tarehe ya kushoto ni ya taarifa, ya kulia ni ya tukio.

Nakili pia namba ya askari pamoja na herufi zinazoitangulia. Namba ndiyo itakayokuokoa majina yatakapokuchanganya, na yatakuchanganya. Mushi ameandikwa Moshi, Massawe ameandikwa Masawe, Mollel ameandikwa Moleli, na mara nyingi jina la ukoo halipo kabisa: kuna jina la mtu, kisha "s/o" (mwana wa) au "bin", kisha jina la baba. Tafuta kwa jina la baba yake vilevile. Kama karatasi inataja wilaya, kabila na chifu, hiyo ni hazina. Chifu ndiye anayekuambia kama huyu ni wa Machame, Marangu au Meru.

Hatua ya nne: maneno ya kifo

"Killed in action", kwa kifupi KIA, ni aliyeuawa na adui papo hapo au kabla ya kufika mikononi mwa waganga. "Died of wounds", DOW, ni aliyejeruhiwa akafika kwa mganga akiwa hai, kisha akafa kwa jeraha lilelile, iwe baada ya saa moja au miezi mitatu. Tofauti hii ina faida kubwa kwa mtafutaji. Wa kwanza, mtafute kwenye uwanja wa mapigano. Wa pili, mtafute kwenye njia ya hospitali, kwa maana kaburi lake linaweza kuwa mbali sana na pale alipopigwa. Mtu aliyejeruhiwa Kabaw anaweza kuzikwa India.

"Died" tupu, bila neno la kuifuata, mara nyingi ni kifo cha ugonjwa au cha kawaida, na ndilo neno ambalo ndugu hulipita haraka wakilitafuta lile la risasi. Naomba tulisimamie kidogo. Katika vita ya 1914 hadi 1918 hapa kwetu, maradhi yaliua watu wengi kuliko bunduki: malaria, kuhara damu, kichomi, na mwishoni ile homa kali ya mafua ya mwaka 1918. Kwa wapagazi ndivyo ilivyokuwa zaidi, maana walilala mvuani na kula unga usioiva vizuri, mbali na milima waliyoizoea. Babu aliyekufa kwa kuhara akiwa amebeba sanduku la risasi kuelekea Kondoa Irangi alikufa vitani. Usimwandike chini ya wengine.

"Died of disease" au "died of sickness" inasema wazi. "Accidentally killed" ni ajali: lori limepinduka, bunduki imefyatuka kambini, mti umeanguka. "Drowned" ni kuzama. "Died whilst prisoner of war" ni aliyefia utekani. Na "died on service" hutumika pale mwandishi alipotaka kusema tu kwamba alikuwa bado ni askari siku aliyokufa.

Angalia pia mipaka ya tarehe ya tume ya makaburi, kwa sababu inaeleza kwa nini majina mengine hayapo. Kwa Vita ya Kwanza wanahesabu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Kwa Vita ya Pili ni kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Mzee aliyerudi na risasi tumboni akaishi hadi 1923 hayumo, hata kama ukoo mzima unajua ni risasi hiyo iliyomuua.

Hatua ya tano: maneno ya kupotea, yanayotaka subira kuliko yote

"Missing" maana yake ni kwamba jina lilipoitwa baada ya mapigano hakuna aliyeitika, na hakuna aliyeweza kusema yuko wapi. Neno hilo halikumaliza habari. Karani alilitumia akisubiri kauli nyingine. Kwa hiyo mtafutaji lazima aendelee mbele kwenye orodha za wiki na miezi iliyofuata, akitafuta maneno "previously reported missing, now reported…" Kinachofuata ndicho jibu: ameuawa, ametekwa, yuko hospitali, au amerejea kikosini. Mtu mmoja anaweza kuonekana mara tatu katika orodha tatu tofauti. Anayejumlisha orodha hizo huishia na watu watatu.

"Missing, believed killed" ni kwamba kuna mwenzake aliyeona jambo la kutisha lakini mwili haukupatikana. "Presumed dead" au "death accepted for official purposes" ni uamuzi wa ofisini: muda umepita, mara nyingi kama miezi 6, hakuna habari, basi mshahara ufungwe na familia ijulishwe. Hapo tarehe ya kifo utakayoiona mara nyingi ni ile siku aliyopotea, au imeandikwa "on or since", yaani siku hiyo au baada yake. Usiichonge kwenye jiwe kana kwamba kuna aliyemwona akikata roho siku hiyo.

Mfano unaojulikana ni wa batalioni ileile ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Uhabeshi, sajini Nigel Leakey wa batalioni ya 1/6 ya Keya alirukia kifaru cha Waitaliano na kuwaua waliokuwamo isipokuwa dereva, kisha akaendelea na kingine. Mwili wake haukupatikana. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye, na jina lake liko kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, pamoja na wengine wasio na kaburi linalojulikana. Ikiwa hata kwa Mzungu mwenye nishani kubwa kuliko zote habari ilichukua muda hivyo, fikiria kuruta wa Rombo.

Kuna na bahari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani I-27 ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga Waafrika wa Rejimenti ya 301. Kama babu alikuwa mpiga mizinga na habari zake zinakatika ghafla Februari 1944, anza hapo. Hakuna kaburi la kutafuta. Kuna jina kwenye mnara.

Kwa waliopotea Burma, majina yako kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan nchini Myanmar, ambako zimechongwa zaidi ya nafsi 26,000 za majeshi mbalimbali, Keya wakiwemo. Orodha yote inatafutwa bure kwenye tovuti ya tume ya makaburi.

Najua kwa Wachaga mtu asiyelala kihambani, shambani kwa ukoo wake, ni kidonda kisichofungwa. Ndiyo sababu nasisitiza: neno "missing" lisikufanye uache kutafuta, na "presumed dead" lisikufanye useme umeshapata kila kitu.

Hatua ya sita: majeraha na magonjwa

Hapa vifupisho ni vingi na mwandiko wa waganga ni ule wa waganga wa kila mahali.

GSW ni jeraha la risasi, lakini waliliandika hata kwa kipande cha bomu au mzinga. Usiseme babu alipigwa risasi kwa sababu ya GSW pekee. Kinachofuata ni kiungo, na L au R ni kushoto au kulia. "Sl." ni jeraha dogo, "sev." ni kubwa. Alama ya # ni kuvunjika mfupa. "Wounded, remained at duty" ni aliyejeruhiwa, akafungwa kitambaa, akabaki na wenzake. Huyo naye amehesabiwa kwenye "casualties".

NYD ni ugonjwa ambao bado haujajulikana. PUO ni homa ambayo chanzo chake hakijajulikana, na kwa Afrika na Burma nyuma yake mara nyingi ilikuwa malaria. BT na MT ni aina mbili za malaria, na MT ndiyo ile mbaya inayopanda kichwani. Bonde la Kabaw lilikuwa na malaria na homa ya chawa-nyasi (scrub typhus) iliyoangusha askari wengi kuliko Wajapani katika majuma mengine. Kwa hiyo fomu inayoonyesha mtu akilazwa mara nne bila jeraha hata moja si ya mvivu.

SIL na DIL ni orodha za wagonjwa. Ya kwanza ni ya walio wagonjwa sana, ya pili ni ya mahututi, na aliyeingizwa humo nyumbani kwake palipaswa kuarifiwa. Muhimu ni kutafuta siku aliyoondolewa kwenye orodha hiyo: "removed from DIL" ni habari njema.

Njia ya majeruhi nayo ni ya kuijua, maana herufi za vituo hukuonyesha alifika umbali gani. RAP ni pale kwa mganga wa batalioni, karibu na risasi. Kisha machela hadi ADS, kituo cha mbele cha kufunga majeraha; kisha CCS, ambako upasuaji ulifanyika; kisha GH, hospitali kuu, mbali nyuma. Aliyefika GH alikuwa amevuka hatari ya kwanza.

Nitatunga mfano ili tuusome pamoja. Tuseme karatasi ya askari wa Divisheni ya 11 inasema: "WIA, GSW L thigh sev., 14.10.44. Adm CCS 15.10.44. Placed SIL 17.10.44. Trans GH and SOS 20.10.44. Removed SIL 2.11.44. TOS 9.2.45." Mtu wa haraka ataona "SOS 20.10.44" na kusema alifutwa, yaani alikufa. Twende taratibu. WIA ni aliyejeruhiwa vitani: alijeruhiwa vibaya paja la kushoto tarehe 14 Oktoba. Siku ya pili alifika kituo cha upasuaji, na siku mbili baadaye hali ikawa mbaya kiasi cha kuwekwa kwenye orodha. Tarehe 20 alipelekwa hospitali kuu, na kwa kuwa batalioni haingemngojea, jina lake likatolewa kwenye hesabu yake. SOS ni hilo tu: kutolewa kwenye hesabu ya kikosi. Mwanzoni mwa Novemba akapata nafuu, na tarehe 9 Februari 1945 TOS, akaingizwa tena kwenye hesabu. Wakati huo divisheni ilikuwa imeshaondolewa mstari wa mbele. Huyu alirudi nyumbani na kovu pajani. Uliza wazee kama wanalikumbuka.

Hatua ya saba: maneno yanayotisha au kuaibisha bure

SOS na TOS tumeziona. "Invalided" ni kurudishwa nyuma au kuachishwa jeshi kwa sababu za afya. Mtu yu hai. "Discharged, medically unfit" vilevile. "Effects" ni mali au fedha alizoacha askari, na hiyo mara nyingi inamhusu marehemu, basi angalia jina la aliyelipwa, kwa kuwa linaweza kuwa la mke au kaka ambaye familia haikumjua.

"Deserted" ni neno gumu zaidi. Ni mtoro. Familia nyingine huficha karatasi zikiliona. Ulinganishe na "absent", yaani hakuwepo siku hiyo, na "missing", yaani hajulikani alipo baada ya mapigano. Kwa wapagazi wa Vita ya Kwanza sina imani kubwa na neno hili. Msafara ulitembea siku nyingi porini, mtu akaishiwa nguvu akaketi chini ya mti, jioni jina likaitwa hakuitika. Mnyapara aliyekuwa na mamia ya watu hakurudi kuangalia. Aliyekimbia na aliyefia njiani waliacha pengo lilelile kwenye orodha. Kabla ya kukubali aibu, tafuta kama mtu huyo alionekana tena nyumbani. Kama hakuonekana tena na yeyote, utoro ndio maelezo dhaifu kuliko yote.

Hatua ya nane: kwa wapagazi, tafuta kikosi badala ya mtu

Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi cha wapagazi hadi leo, lakini majina ya watu wenyewe mengi hayakubebwa na yeyote. Wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Kwenye shajara wanaitwa "carriers", "porters" au "followers", na mara nyingi ni tarakimu tu, au hawamo kabisa kwenye jumla ya siku. Sanamu ya askari ya Dar es Salaam iliyozinduliwa mwaka 1927, pamoja na zile za Nairobi na Mombasa, ziliwekwa badala ya majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ilichapisha ripoti ikikiri kwamba angalau watu 116,000 wa Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au pengine kwa namna yoyote. Kutomwona babu yako kwenye rejista, basi, si ushahidi kwamba hakwenda wala kwamba hakufa huko.

Njia iliyobaki ni kupata kutoka kwa wazee jina la mahali, au la Mzungu waliyembeba mizigo, au la mto waliouvuka, kisha kusoma shajara ya kikosi kilichopita hapo. Hutapata jina. Utapata mvua ya siku ile, njaa, idadi ya waliougua, na kituo walicholala.

Hatua ya tisa: kama alikuwa askari wa Mjerumani

Maneno ni machache: "gefallen" ni aliyeuawa vitani, "verwundet" ni aliyejeruhiwa, "schwer" mbele yake ni vibaya na "leicht" ni kidogo, "vermisst" ni aliyepotea, "gestorben" ni aliyekufa kwa ugonjwa au sababu nyingine, na "an seinen Wunden gestorben" ni kwa majeraha. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia iliteketea Potsdam kwa mabomu Aprili 1945, kwa hiyo usiahidiwe mengi. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini yako kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Hatua ya kumi: thibitisha kwa karatasi ya pili, kisha andika

Usimtangaze mtu amekufa kwa mstari mmoja. Tafuta karatasi ya pili iliyoandikwa na mtu mwingine. Shajara za Vita ya Kwanza ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, chini ya namba ya kundi la mafaili WO 95. Za Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati za Vita ya Pili chini ya WO 169, na za Burma chini ya WO 172. Unapoomba nakala, taja batalioni na mwezi. Ukitaja jina la askari peke yake, hawatakuwa na pa kuanzia.

Makaburi yaliyo karibu yatembelee mwenyewe. Tume ina makaburi Moshi, na ya Taveta yako ng'ambo tu ya mpaka wa Holili. Nenda na kitambulisho na uulizie taratibu za mpaka mapema. Kumbuka kwamba kaburi linaweza kuwa limehamishwa: makaburi ya vita ya Dar es Salaam yaliundwa mwaka 1968, yale ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara. Mahali pa kaburi na mahali pa kifo yaandike kwenye mistari miwili tofauti.

Kwenye daftari la ukoo weka jina kwa namna zote lilivyoandikwa, namba, kikosi, maneno ya karatasi kama yalivyo kwa Kiingereza au Kijerumani, tafsiri yako pembeni, tarehe ya tukio na ya taarifa, na namba ya faili ulikoyatoa. Kama habari imeishia kwenye "missing", andika kupotea, na uache nafasi chini yake kwa atakayeendelea. Wape nakala ndugu wa nyumba zaidi ya moja, na moja ikae na mtu asiyeishi kijijini, kwa ajili ya moto na mchwa.